Ghala la Mafuta Ndani ya Ini

Ghala la Kariakoo hujaa bidhaa zinapoingia kwa wingi kuliko zinavyotoka. Ndivyo seli ya ini inavyojaa mafuta, hata kwa mtu asiyekunywa pombe kamwe.

Mafuta huingia kwa njia tatu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa waliopimwa, asilimia 59 ya mafuta hayo ilitoka katika akiba ya mwili. Asilimia 26 ilitengenezwa na ini lenyewe, hasa kutokana na sukari na wanga. Na asilimia 15 tu ilitoka moja kwa moja katika mafuta ya chakula.

Kutoka ni kwa njia mbili: kuunguzwa ndani ya mitokondria, au kusafirishwa kwa damu. Insulini isipofanya kazi barabara, akiba ya mwili huachia mafuta bila kiasi. Mitokondria huelemewa na kuzalisha kemikali zinazojeruhi seli. Hatimaye ini huota makovu, mara nyingi bila maumivu yoyote. Mwenye uzito uliozidi akiupunguza kwa asilimia 7 hadi 10, ini huweza kupata nafuu.

Zoezi: Mtu ameacha chipsi, lakini hunywa soda kila siku. Eleza kwa nini ini lake bado limo hatarini.