Rangi ya Samaki Klauni: Jinsi Inavyobadilika Tangu Yai Hadi Kukomaa

Samaki klauni anajulikana kwa mwili wa rangi ya machungwa na mikanda mitatu myeupe. Huyo ndiye aliyepata umaarufu kupitia filamu ya katuni ya mwaka wa 2003, Finding Nemo. Asili yake ni mashariki mwa Bahari Hindi na magharibi mwa Pasifiki, na siku hizi huzalishwa kwa wingi ndani ya matangi.

Pwani ya Kenya ina jamaa zake. Mmoja ni wa kahawia iliyokolea, mwenye mikanda miwili myeupe na mkia mweupe. Mwingine ana mstari mweupe unaopita mgongoni tangu kichwani hadi mkiani. Wote huishi kati ya mikono ya anemoni, mnyama laini anayeshikilia mwambani na kuchoma samaki wengine.

Somo hili linahusu wale wanaozaliwa tangini, kwa sababu mfugaji asiyejua hatua za rangi zao huweza kutupa samaki mzima akidhani ni mgonjwa, au kumwacha mgonjwa hadi afe.

Hatua za rangi

1. Yai. Jike hutaga mayai ya rangi ya machungwa juu ya jiwe, kigae au chungu. Dume huyalinda na kuyapepea. Baada ya siku chache mayai hugeuka meusi, kisha macho yenye kung'aa huonekana. Kwa kawaida huanguliwa baada ya wiki moja hivi, giza likiingia.

2. Kifaranga. Anapoanguliwa, kifaranga huwa karibu kama kioo: mwili wake unapitisha mwanga. Hana rangi ya machungwa wala mkanda.

3. Mikanda. Karibu na wiki ya pili rangi huanza kuingia. Mikanda hutokea kwa zamu, kuanzia kichwani kwenda mkiani. Kwa hivyo kifaranga mwenye mkanda mmoja au miwili si wa aina nyingine. Bado anakua tu.

4. Kukomaa. Rangi huendelea kukolea kwa miezi mingi. Klauni weusi wanaotoka eneo la Darwin, Australia, huanza maisha wakiwa na rangi ya machungwa au kahawia, na weusi huja baadaye. Klauni mwekundu aitwaye nyanya huenda kinyume: akiwa mdogo ana mikanda miwili au mitatu, na akikomaa hubaki na mmoja wa kichwani.

Kinachosababisha

Mabadiliko haya huongozwa na homoni za thairoidi, zile ambazo hata kwa binadamu huongoza ukuaji wa mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 kuhusu klauni wa Papua New Guinea ulionyesha kuwa vifaranga wanaoishi katika aina moja ya anemoni hupata mikanda mapema kuliko wenzao wa aina nyingine, na kiwango cha homoni hizo mwilini mwao pia kilikuwa juu zaidi.

Chakula nacho kina nafasi yake. Samaki hawezi kujitengenezea kiini cha rangi ya machungwa. Hukipata katika chakula, kwa mfano kamba na wadudu wadogo wa majini. Aliyefugwa kwa chakula duni hupauka.

Tangini pia huzaliwa samaki wenye mikanda iliyokatika au isiyofika chini. Kasoro hiyo peke yake si ugonjwa. Mnunuzi aelezwe ukweli kabla ya kulipa.

Rangi ya ukuaji na rangi ya ugonjwa

Mabadiliko ya ukuaji huja polepole, kwa wiki na miezi, huku samaki akila na kuogelea vizuri. Dalili za hatari ni hizi: kupauka ghafla, ute mweupe juu ya ngozi, kuhema haraka na kukataa chakula. Samaki wa namna hiyo atengwe siku hiyo hiyo na maji yakaguliwe.

Mwamba usiguswe ovyo

Klauni wote huzaliwa wakiwa na uwezo wa kuwa madume. Katika kila anemoni, mkubwa zaidi ndiye jike. Akiondolewa, dume lake hugeuka jike, na mdogo anayefuata hukua kuchukua nafasi ya dume. Mageuzi hayo huchukua muda, na kwa muda huo hakuna mayai.

Ndiyo maana samaki wa tangini ana faida: kila anayezaliwa humo anaweza kuuzwa bila kumgusa wa mwambani. Katika Mbuga ya Baharini ya Kisite uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi. Kwingineko, anayetaka kukamata samaki wa mapambo kwa biashara sharti awe na leseni. Mkaazi afike kwanza kwa afisa wa uvuvi au viongozi wa BMU ya ufuo wake.

Jipime

1. Kifaranga wa wiki tatu ana mikanda miwili badala ya mitatu. Je, ni mgonjwa?
2. Ni dalili zipi zinazotofautisha kupauka kwa ugonjwa na mabadiliko ya ukuaji?
3. Kwa nini kumwondoa samaki mkubwa katika anemoni huchelewesha uzazi?