Chakula Kinapokwama Kifuani: Maswali na Majibu

Umio ni mrija wa misuli, wenye urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima, unaopeleka chakula tumboni. Ukianza kushindwa kazi, mara nyingi kuna ugonjwa mwingine unaousumbua.

Ni magonjwa gani huleta tatizo hili?
Kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, hasa seli za kinga za CD4 zikiwa chini ya 200, fangasi aitwaye kandida huweza kuota ndani ya umio. Kumeza huuma, na mara nyingi mdomoni huonekana utando mweupe. Skleroderma, ugonjwa unaokakamaza ngozi, huweza kudhoofisha misuli ya umio. Kiungulia cha miaka mingi huweza kuacha makovu yanayobana njia. Saratani ya umio, inayowapata watu wengi Afrika Mashariki, huziba njia taratibu.

Daktari hutambuaje chanzo?
Kwanza atauliza ni nini kinachokwama. Ikiwa ilianza nyama, ukafuata ugali, na sasa hata uji haupiti vizuri, huenda njia inazidi kuwa nyembamba. Vyakula vigumu na vinywaji vikisumbua pamoja tangu mwanzo, hushukiwa misuli au neva. Endoskopia, yaani mrija mwembamba wenye kamera, humwezesha kuona ndani na kuchukua kinyama cha kupima.

Je, hutibika?
Hutegemea chanzo. Fangasi hutibiwa kwa flukonazoli kwa wiki 2 hadi 3, pamoja na ARV za kurudisha kinga. Sehemu iliyobanwa na makovu huweza kupanuliwa. Saratani hutibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema, lakini wengi huchelewa kwa sababu huhamia uji kimyakimya na kuona wamepata nafuu. Kubadili chakula hakuondoi ugonjwa.

Nifanye nini nyumbani?
Kula kidogo kidogo ukiwa umekaa wima, na utafune vizuri. Kama una kiungulia, usilale kabla ya saa 3 kupita baada ya kula.

Ni lini niende hospitali?
Nenda mara moja ukishindwa kumeza hata mate, ukitapika damu, au chakula kikikwama kabisa. Usimeze tonge la ugali ili kukisukuma. Usipoteze wiki ukisubiri kama kumeza kunazidi kuwa kugumu au unakonda bila sababu. Ukimwona mzazi au jirani ameacha nyama na ugali, muulize kwa upole, kisha msindikize kituo cha afya.