Mlango wa Baraza: Umzuie Mwizi, Usiizuie Jamaa

Mfanyakazi mwenzetu, na wewe mama wa nyumba,

Kazini tunafundishwa kwamba shimo lenye njia moja tu ni mtego. Njia hiyo ikizibwa na mawe au moshi, mtu hana pa kupita. Ndiyo sababu mgodi uliopangwa vizuri una njia ya pili ya kutokea. Somo letu la leo linaipeleka sheria hiyo nyumbani. Tutaona namna ya kukaza mlango usifunguliwe na mwizi, bila kuigeuza nyumba kuwa mtego wa wenyewe.

Tuanze na mlango wa vioo unaosukumwa pembeni. Hapa Bukavu unaonekana hasa kwenye nyumba zinazotazama ziwa Kivu. Unaleta mwanga na hewa, na watoto wanaupenda. Lakini mwizi naye anaupenda, kwa sababu anajua udhaifu wake.

UDHAIFU UKO WAPI?

Mlango huu una mabawa mawili. Kila bawa linakwenda juu ya magurudumu madogo, ndani ya reli ya chini, na kichwa chake kinashikwa na reli ya juu. Fundi anapoliweka, analiinua kwanza ndani ya reli ya juu, halafu analishusha juu ya reli ya chini. Basi juu ya bawa hubaki nafasi. Mwizi akiingiza chuma chini ya bawa na kuliinua, anaweza kulitoa lote bila kuvunja kioo.

Udhaifu wa pili ni kifungio. Mara nyingi ni ndoano nyembamba tu, nayo inalegea kwa kutikiswa. Udhaifu wa tatu ni kioo chenyewe.

DAWA YAKE

1. Safisha reli. Toa mchanga na udongo kwa brashi kila juma. Magurudumu yakichakaa, bawa linashuka na nafasi ya juu inaongezeka. Kwenye milango mingi kuna visi ndogo chini, ubavuni mwa bawa. Ukiizungusha kwa turnevisi, gurudumu linapandisha bawa. Likiwa limekwisha kabisa, libadilishe.

2. Zuia kuinuliwa. Funga mlango. Ingiza visi mbili au tatu ndani ya reli ya juu, juu ya bawa lililofungwa, na uache vichwa vyake vitokeze. Kati ya kichwa cha visi na bawa ibaki nafasi ya milimita 2 au 3: bawa lipite bila kugusa, lakini lisiweze kuinuka.

3. Weka fimbo. Kata mti mgumu na mnyoofu, kama mkaratusi, ulale ndani ya reli ya chini nyuma ya bawa linalosukumwa. Uwe mfupi kidogo tu kuliko nafasi yenyewe, ili mkono uuondoe bila kupigana nao. Fimbo inafaa ikiwa bawa linalosukumwa liko kwenye reli ya ndani.

4. Weka pini. Kama mabawa yote mawili yanasukumwa, fimbo moja haitoshi. Toboa mahali fremu mbili zinapopandana katikati. Tundu lipite fremu ya ndani yote, lakini liishie ndani ya fremu ya nje bila kutokea upande wa pili. Liinamishe kidogo kuelekea nje, ili pini isidondoke mlango ukitikiswa. Ingiza msumari mnene ambao mkono unaweza kuuchomoa. Angalia usiguse kioo. Kazi hii umpe fundi kama huna uzoefu.

5. Linda kioo. Pazia lishushwe jioni, ili televisheni na simu zisionekane kutoka nje. Bandika alama za rangi kwenye kioo, kwa urefu wa macho ya mtoto, maana mtoto anayekimbia haoni kioo kisafi. Ukinunua kioo kipya, uliza kile kilichokazwa kwa moto: kikipasuka kinakuwa punje ndogo, si visu virefu.

MLANGO WAKO NI WA CHUMA AU WA MBAO?

Wengi wetu hatuna mlango wa vioo. Tuna mlango wa chuma au wa mbao, kadena, na vyuma vya dirisha vinavyoitwa antivoli. Kwanza tazama bawaba. Zikiwa upande wa nje, mwizi anaweza kutoa pini zake na kuacha kadena ikining'inia. Mwambie fundi wa chuma azichomelee pini hizo zisitoke. Halafu tazama visi za pete ya kadena. Zikiwa fupi, kadena kubwa ya bei kali haina faida, kwa sababu pete itang'oka na mbao yake.

Kumbuka pia kwamba udongo wetu na milima yetu havitulii. Tetemeko la 3 Februari 2008 na lile la 7 Agosti 2015 yaliharibu nyumba nyingi Bukavu na kandokando yake. Kule Funu, mteremko wenyewe unasogea polepole pamoja na nyumba zilizo juu yake. Ukuta ukihama kidogo, fremu inapinda: komeo halifiki kwenye tundu lake, au mlango unakwama. Baada ya kila tetemeko jaribu milango yote. Mlango unaohitaji bega ili ufunguke utengenezwe bila kungoja.

SASA FIKIRI MOTO

Katika mgodi wa Bois du Cazier, kule Marcinelle, Ubelgiji, wafanyakazi 262 walikufa katika moto wa 8 Agosti 1956. Wengi wao hawakuunguzwa na ndimi za moto. Waliuawa na moshi na gesi yake. Nyumbani ni vile vile. Umeme umekatika, mshumaa umeanguka, au babula ya makala imeachwa karibu na pazia. Katika nyumba za mbao zilizobanana, kama za Kadutu, moto hauchukui muda kuvuka ukuta. Wakati huo baba anatafuta ufunguo gizani, na antivoli ya dirisha haimpitishi hata mtoto.

Kwa hiyo tunaweka sheria nne:

— Ufunguo wa usiku una msumari wake mmoja, karibu na mlango, lakini mbali na mkono au fimbo itakayoingizwa dirishani. Kila mtu wa nyumba aujue.

— Antivoli ya dirisha moja la chumba cha kulala iwe na mlango mdogo unaofunguka kutoka ndani. Hiyo ndiyo njia ya pili.

— Usiwafungie watoto kwa kadena ya nje, hata kama unakwenda sokoni mara moja tu. Mwachie jirani jukumu, si kadena.

— Babula haiingii ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama imebaki makaa tu. Gesi yake haionekani wala hainuki, nayo inaua waliolala.

NENO JUU YA MWENYE BUNDUKI

Somo hili ni la mwizi anayekuja kimya. Bukavu iliporwa Juni 2004, na tena Februari 2025, na kila mkaaji anajua kwamba fimbo na kadena havimzuii mtu mwenye bunduki. Akija huyo, usizuie mlango kwa mwili wako. Wapeleke watoto mbali na vioo, mlale chini. Vitu hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

KAZI YA JIONI YA LEO

Kusanya jamaa yote. Zima taa. Mtoto mkubwa atoe fimbo au pini, achukue ufunguo, afungue mlango, huku wewe ukihesabu polepole mpaka 30. Akiwa nje kabla ya 30, mlango wako ni mzuri. Kama bado, usimkemee. Tengenezeni kilichomchelewesha, mjaribu tena kesho.

Mlango mzuri unamchelewesha aliye nje, haumcheleweshi aliye ndani.