Somo la Karakana: Msumeno wa Meza



Karibu kila shamba kubwa la chai au la miwa hapa Uganda lina karakana yake, na katika karakana hapakosi msumeno wa meza. Hapo ndipo hupasuliwa mbao za milango ya nyumba za kambi, za matela ya trekta, za vitanda na za paleti. Ukimwuliza mwendeshaji nani alimfundisha kazi, mara nyingi atajibu kwamba hakufundishwa na mtu, aliangalia wenzake. Mimi pia nilijifunza hivyo, kwa kuangalia, na niliyemwangalia alikuwa na vidole saba. Ndiyo sababu ya somo la leo.

Kwanza tujue tunasimama mbele ya kitu gani. Chukua msumeno wa duara wenye upana wa sentimita 40 kutoka ukingo hadi ukingo, unaozunguka mara 2,400 kwa dakika. Ni hesabu ya shule ya msingi tu. Mzunguko mmoja wa ukingo wake ni kama sentimita 126. Zidisha kwa 2,400, utapata zaidi ya mita 3,000 kwa dakika, yaani mita 50 kwa sekunde moja. Kwa saa ni kilomita 180. Hakuna basi la Kampala linalokwenda hivyo. Kwa hiyo yule anayesema, "Mimi nina macho, nikiona hatari nitautoa mkono," ajue kwamba mkono wa binadamu hauwezi kushindana na mwendo huo. Ukishaona, imekwisha kutokea.

Hapa niseme jambo moja kuhusu puli. Karakana nyingi zina mashine za kuundwa na mafundi wetu wenyewe: fremu ya kuchomelea, mota ya kununuliwa au injini ya dizeli, na mkanda. Puli ikiharibika hubadilishwa kwa iliyopatikana. Lakini ukiweka puli kubwa upande wa mota, au ndogo upande wa msumeno, mwendo unaongezeka. Msumeno wa kiwanda huwa umeandikwa mwendo wake wa mwisho, mizunguko kwa dakika. Kabla ya kufunga puli nyingine pigeni hesabu, kisha msome maandishi hayo. Kama yamefutika kwa kutu, na hakuna anayejua asili ya msumeno huo, usifungwe.

Sasa tuje kwenye teke. Watu wengi hudhani ajali ya msumeno ni mtu kusinzia na kuingiza kidole kwenye meno. Hiyo ipo. Lakini mara nyingi mbao yenyewe ndiyo huanza. Tazama namna msumeno unavyozunguka: meno ya mbele, upande wako, yanashuka chini na kuigandamiza mbao kwenye meza. Meno ya nyuma yanapanda juu. Yale ya mbele yanakusaidia, yale ya nyuma hayana urafiki na mtu. Mbao ikigusa meno ya nyuma na kubanwa hapo, inainuliwa, inabebwa juu ya msumeno na kurushwa kwako kwa mwendo ule ule tuliouhesabu. Itakupiga tumboni au kifuani. Na kama mkono wako ulikuwa umeilalia mbao, ukiondokewa na mbao ghafla unaangukia penye meno.

Kwa nini mbao ibane nyuma? Sababu ya kwanza ni mbao yenyewe. Mti wa mkaratusi, ambao mashamba ya chai huupanda kwa kuni na mbao, hukua ukiwa umejifunga nguvu ndani yake. Ukiupasua, nguvu hizo zinafunguka na vipande viwili huachana au hukumbatiana. Vikikumbatiana, vinaukaba msumeno. Mbao mbichi na zilizopinda ni hatari zaidi. Mvule nao una tabia yake: mara nyingine ndani yake mna kitu kigumu kama jiwe, ambacho huharibu meno ya msumeno mara moja. Msumeno butu hulazimisha mtu kusukuma kwa nguvu za mwili, na mtu anayesukuma kwa nguvu za mwili hawezi kujizuia mbao ikiachia. Sababu ya pili ni chuma cha kuongozea kilichofungwa upande, pindi kisipokwenda sambamba na msumeno. Kikielekea ndani kidogo tu kule nyuma, mbao inabanwa kati yake na meno. Pimeni mbele, pimeni nyuma, kila kinapohamishwa. Tena mtu asikate mbao kwa upana kwa kuishika mikono mitupu bila cha kuongozea, kwa maana ikipinda kidogo tu inakamatwa.

Dawa ya teke ni kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya msumeno, kimepinda kufuata mviringo wake. Wengine hukiita kisu cha nyuma, ingawa hakikati kitu. Kazi yake ni kukaa ndani ya mpasuo na kuuzuia usijifunge. Unene wake uzidi kidogo bamba la msumeno, lakini upungue kuliko mpasuo unaoachwa na meno. Kikiwa chembamba hakisaidii, kikiwa kinene mbao haipiti. Kisimame kwenye mstari mmoja na msumeno, na nafasi kati yake na meno, usawa wa meza, isizidi milimita 8. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa bamba gumu la chuma, na kukifunga kwa bolti zisizolegea. Juu ya msumeno pakae kifuniko, kishuke karibu kabisa na mbao inayopita. Na chini ya meza nako, ambako msumeno unazunguka bila kuonekana, pazibwe. Wako watu wanaoingiza mkono kule chini kuondoa unga wa mbao mashine ikizunguka.

Kifuniko hiki ndicho huondolewa kwanza. Wenzetu wenyewe hukiondoa, tusifichane, kwa kuwa kinazuia kuona mstari. Wasimamizi nao hunyamaza maana kazi inakwenda haraka. Nitaeleza niliyoyaona.

Katika shamba moja, ambalo sitalitaja, nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Kulikuwa na kijana wa kupokea mbao nyuma ya mashine. Meza ilikuwa fupi, kwa hiyo alisimama karibu na meno kiasi cha hatua moja, akizivuta mbao zinapotokea. Kifuniko na kisu vilikuwa stoo. Siku hiyo walipasua mkaratusi mbichi. Mbao ilijifunga, mwenye kusukuma akaongeza nguvu, mbao ikapiga teke kurudi mbele, na mkono wa kijana ukaifuata kwa sababu alikuwa ameishika. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatika. Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya shamba. Tuliporudi jioni tukakuta kifuniko kimefungwa juu ya msumeno, kimefutwa vumbi, kinang'aa. Katika taarifa ya ajali msimamizi alikuwa ameandika maneno mawili: "Uzembe wake."

Kilichomwokoa kijana yule ni daftari. Majuma kadhaa kabla ya hapo tulikuwa tumeandika tarehe tuliyoomba kifuniko kirudishwe, na jina la aliyepokea ombi. Msimamizi alipoonyeshwa ukurasa ule hakuwa na la kusema. Fidia ililipwa, ingawa kwa kuchelewa sana, na kijana alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Ndugu, tuelewe sheria ilivyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inasema mwajiri analipa fidia kwa ajali iliyompata mfanyakazi kazini, hata kama mfanyakazi mwenyewe alizembea. Kwa hiyo neno "uzembe" lisikufanye uende nyumbani na kukaa kimya. Toa taarifa kwa mwajiri mapema iwezekanavyo, kwa maandishi, ubaki na nakala, na shauri lifikishwe kwa afisa wa kazi wa wilaya. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inadai sehemu za hatari za mashine zikingwe, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Inampa pia mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari ya papo hapo. Jambo hili la kukinga mashine si geni duniani: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 119 juu yake mwaka 1963. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa.

Nirudi kwa wapokeaji, kwa kuwa ndio vijana na ndio wasiofundishwa. Meza iongezwe nyuma kwa mbao au mabati hadi kutoka msumeno mpaka mwisho wake ifike sentimita 120. Mpokeaji asimame mwisho huo, asiingie ndani yake kamwe, na asivute. Mbao husukumwa na mwendeshaji. Mpokeaji anaipokea tu ikishapita.

Mwendeshaji naye asisimame sawasawa na mstari wa msumeno. Asogee pembeni kidogo, ili mbao ikirushwa impite. Mkono usifike karibu na meno. Kwa sentimita 30 za mwisho za kila mbao, na kwa kipande chochote kifupi kuliko hapo, tumieni kijiti cha kusukumia chenye urefu wa sentimita 45, kilichochongwa pengo mwishoni. Hakina gharama, ni kipande cha mbao tu. Kikikatwa na msumeno tengeneza kingine. Msumeno upandishwe kiasi cha meno kupita mbao kidogo tu, usisimame wote juu kama jogoo. Glavu zisivaliwe hapa, ingawa kazi nyingine zinazidai, maana jino likishika uzi wa glavu huvuta mkono mzima. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, na akina mama wanaofanya kazi karakana wafunge kitambaa cha kichwa kisiwe na ncha zinazoning'inia.

Kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya Ulaya huitaja kwa uchache, lakini kwetu ni ya kila juma. Umeme unakatika mbao ikiwa katikati. Msumeno unasimama, watu wanatoka kuota jua, mmoja anakumbuka mbao yake na kurudi kuichomoa. Swichi haikuzimwa. Umeme unarudi. Ipo swichi ambayo umeme ukikatika hujizima yenyewe, na haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe upya. Hii ndiyo ya kudai katika kamati kabla ya nyingine zote. Hadi itakapopatikana, mwendeshaji azime swichi umeme unapokatika, kabla hajaondoa mguu wake pale. Na wakati wa kubadilisha msumeno au kunoa, plagi ichomolewe, au swichi kuu ifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae katika mfuko wa anayetengeneza. Kwa mashine ya injini, zimeni injini na mtoe mkanda.

Marekani mtu mmoja aitwaye Stephen Gass alibuni, mwaka 1999, mashine inayotambua ngozi ya mtu na kuusimamisha msumeno kabla sekunde haijagawanyika mara mia mbili. Ilianza kuuzwa mwaka 2004. Ni kitu kizuri. Lakini msimamizi asituambie tusubiri mashine hizo, wakati kifuniko cha bati kiko stoo.

Vumbi nalo lisisahaulike, ingawa haliui siku hiyo hiyo. Katika mji wa High Wycombe huko Uingereza, mji wa watengeneza viti, daktari Esme Hadfield aligundua katika miaka ya 1960 kwamba mafundi wa samani walipata saratani ya ndani ya pua kuliko watu wengine. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Msifagie kikavu, nyunyizeni maji kwanza, na msijipulize nguo kwa hewa ya kompresa. Dai barakoa za vumbi zenyewe, kwani kitambaa kilichofungwa puani huzuia chembe kubwa tu.

Ikitokea ajali, zimeni mashine kwanza. Ganda jeraha kwa kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, mkono uinuliwe juu. Kidole kilichokatika kitafutwe ndani ya unga wa mbao, kifungwe katika kitambaa safi kilicholowa kidogo, kitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Kisiguse barafu yenyewe. Kiende hospitali pamoja na mgonjwa. Daktari ndiye ataamua kama kinaunganika. Mtu mmoja abaki karakana. Aandike saa, aina ya mbao, nani alikuwa wapi, na kama kifuniko na kisu vilikuwapo, kabla mashine haijaguswa na mtu yeyote. Mwenye simu apige picha, na picha hiyo iletwe kwa katibu wa tawi siku ile ile.