Ushuhuda wa Mwenza katika Kutafuta Kazi

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, mwombaji kazi hulazimika kujinadi, ilhali sifa za kujipa huwa na uzito haba. Hapo ndipo ushuhuda wa mfanyakazi mwenza hufaa, kwani huyo huyaona yasiyoonwa na mkuu.

Nguvu ya ushuhuda imo katika lugha. "Ni mwalimu hodari" hutegemea kivumishi. Yaweza kusemwa kuhusu yeyote. "Alisahihisha insha 45 kila Ijumaa, akazirejesha Jumatatu" hutegemea vitenzi, yaweza kuthibitishwa.

Mwombaji na aombe idhini kabla ya kumtaja mwenzake miongoni mwa warejelewa, amkumbushe matendo, asimwagize sifa. Uongo ukibainika, huvunja heshima ya wawili: aliyesifiwa na aliyesifu.