Padre, Daktari na Pampu ya Broad Street

Somo la vikundi vya nyumbani na Umoja wa Akina Mama

Mara nyingi husikika watu wakiuliza: Mbona mtu aliyekwisha kuambiwa mara kumi achemshe maji ya kunywa, bado hayachemshi? Wengi hujibu upesi kwamba ni ujinga, au ni ukaidi. Jibu hilo halitutoshi. Tumeona watu wenye elimu ya kutosha wakinywa maji ya kisima bila wasiwasi, na tumeona bibi asiyejua kusoma akifunika mtungi wake kwa uangalifu mkubwa. Basi katika somo hili tutatazama habari ya kweli iliyotokea London mwaka 1854, katika parokia ya Kianglikana. Ndani yake wamo daktari mmoja, kasisi mmoja kijana, na pampu ya maji iliyopendwa sana.

Wakati ule wakuu wa Uingereza, pamoja na madaktari wengi, waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya, yaani uvundo utokao katika takataka na mashimo ya choo. Tusiwacheke. Imani hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu ana pua. Palipo na uvundo alijua pana hatari, na pasipo uvundo alikaa kwa amani. Daktari John Snow alikuwa na mawazo mengine. Tangu mwaka 1849 alikwisha kuandika kwamba ugonjwa huu huingia kwa kinywa, hasa kwa maji yaliyochanganyika na kinyesi cha wagonjwa. Waliomsikiliza walikuwa wachache.

Sasa tuitazame pampu yenyewe. Ilisimama Broad Street, katika eneo la Soho, na maji yake yalisifiwa na watu wote. Yalikuwa ya baridi, maangavu, yenye ladha nzuri. Hata watu waliokaa karibu na pampu nyingine, ile ya Little Marlborough Street, waliiacha kwa kuwa maji yake yalinuka, wakatembea mpaka Broad Street. Tafadhali msomaji usiipite habari hii haraka. Watu hawa walikuwa wanajihadhari! Walikwepa maji yaliyoonekana mabaya, wakachagua yaliyoonekana mazuri, na uchaguzi huo ndio uliowaua.

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 ugonjwa ulilipuka. Katika siku tatu watu 127 walikufa katika Broad Street na mitaa ya karibu, na mwishowe hesabu ya vifo ilizidi 600. Wenyeji wengi walifunga nyumba zao na kukimbia. Dr. Snow alizunguka akiuliza habari za kila marehemu, kwamba alikunywa maji ya wapi. Alikuta kwamba nyumba ya maskini iliyokuwa karibu, yenye watu 535, ilipoteza watu 5 tu; nayo ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa Broad Street yenyewe hawakufa, kwa maana walikunywa pombe yao, wala hawakuhitaji pampu. Tena alimkuta mjane mmoja aliyekufa Hampstead, mbali kabisa, mahali pasipo na ugonjwa. Zamani mama huyu alikaa Broad Street, na kwa kuwa aliyapenda mno maji ya pale, alikuwa akiletewa kwa gari kila siku. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea alikunywa maji hayo, akarudi kwake Islington, naye akafa.

Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow alikwenda mbele ya wakuu wa parokia ya St James, akawaeleza. Hawakusadiki sana, lakini walikubali, na kesho yake mpini wa pampu ukaondolewa.

Hapo ndipo anapoingia Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Luka, Berwick Street, kijana wa miaka 28. Siku zote za msiba alikuwa akiingia nyumba hadi nyumba, akiketi na wanaokufa. Aliposikia maneno ya Snow hakuyakubali hata kidogo. Alikwisha kuwaona kwa macho yake wagonjwa waliokunywa maji ya pampu kwa wingi na wakapona. Yeye mwenyewe aliyanywa, akabaki mzima. Akaona kwamba uchunguzi mzuri utaonyesha kosa la daktari, naye akaamua kuufanya.

Parokia iliunda kamati, naye Whitehead akawa mjumbe wake. Alirudi katika nyumba za Broad Street, nyingine mara nne au tano. Tunapenda kulitazama jambo hili kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo penye somo. Mgeni akija na daftari na kuuliza, "Je, marehemu alikunywa maji ya pampu?" mtu hujibu "Hapana," na mlango hufungwa. Lakini kasisi huyu alijulikana. Alikuwa amewazikia watoto wao. Alipokuja mara ya pili mama alikumbuka kwamba, kumbe, mtoto alitumwa na jagi usiku ule. Alipokuja mara ya tatu mwingine alikumbuka kwamba marehemu alikuwa akila katika mkahawa, na mkahawa ule ulitumia maji ya pampu. Watu hawakuwa wamedanganya. Nani kati yetu anayekumbuka kila kikombe cha maji alichokunywa juma lililopita?

Majibu yalipokusanywa, Whitehead alipata kwamba katika watu 137 wa mtaa ule waliokunywa maji ya pampu, 80 waliugua. Na katika watu 297 wasiokunywa, waliougua ni 20. Akaona na jambo lingine. Wazee na wajane wasio na mtu wa kuwatuma hawakufa kwa wingi kama ilivyotazamiwa, kwa kuwa hawakuwa na mtoto wa kuwachotea maji. Kwa hesabu ya hewa mbaya, dhaifu hao ndio wangekufa kwanza.

Mwishowe, akisoma kumbukumbu za vifo, alikuta habari za mtoto mchanga wa miezi mitano katika nyumba namba 40, mbele kabisa ya pampu. Mtoto huyo alianza kuhara tarehe 28 Agosti, siku tatu kabla ya mlipuko, akafa tarehe 2 Septemba. Mama yake, alipoulizwa, alisema kwamba aliloweka nepi katika ndoo na kumwaga maji mengine katika shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Fundi akachimba. Shimo lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yalikuwa yamelegea. Mama yule hakuwa mchafu. Alikuwa akifua, kama mama yeyote afanyavyo.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Mpini ulipoondolewa tarehe 8 Septemba, ugonjwa ulikuwa tayari unapungua, maana watu wengi walikwisha kufa au kukimbia. Kwa hiyo wengi walisema kwamba kuuondoa hakukuwa na faida. Lakini siku hiyo hiyo baba wa yule mtoto alianza kuugua, na uchafu wa ugonjwa wake uliweza kwenda shimo lile lile. Kama mpini ungalikuwapo, huenda mlipuko ungalianza upya. Tahadhari iliyofaulu haina ushahidi wa kuonyesha. Hakuna anayeweza kumwonyesha kwa kidole mtu ambaye hakuugua. Baadaye mpini ulirudishwa, maana wenyeji waliyataka maji yao.

Snow alikufa mwaka 1858 kabla maoni yake hayajakubaliwa na wote. Whitehead, aliyeanza kwa kumpinga, aliweka picha yake katika chumba chake cha kusomea mpaka mwisho wa maisha yake.

Huenda mtu akasema, hayo ni ya Wazungu na ya zamani. Hapana. Ugonjwa huo uliipiga Unguja vibaya mwaka 1869 na 1870, na Daktari James Christie aliyekuwa akifanya kazi huko aliandika kitabu kizima, kilichotolewa mwaka 1876, juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki. Wimbi lililoanza Indonesia mwaka 1961 lilifika Afrika mwaka 1970 na halijatuacha. Mwaka 1997 Tanzania ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000, na vifo zaidi ya 2,000. Mwezi Agosti 2015 ulianza tena Dar es Salaam, ukaenea mikoani na visiwani.

Na sisi bado twapima maji kwa jicho na pua. Maji ya kisima yakiwa maangavu twasema ni salama. Ya bomba yakiwa na rangi ya udongo twayaogopa. Kumbe kijidudu cha kipindupindu hakina rangi wala harufu. Hata mtu aliyekibeba huenda haonekani mgonjwa, maana wengi wanaoambukizwa hawahisi kitu, au huharisha kidogo tu, na huku kinyesi chao chaweza kuambukiza wengine. Ndivyo ilivyo kwamba mtu husema, "Mimi nimekunywa maji haya miaka yote na sijadhurika." Asemayo ni kweli, kama Whitehead alivyosema kweli. Lakini mtu mmoja aliyepona si hesabu ya mtaa mzima.

Tena tuwe waadilifu kwa mama mwenye nyumba. Kuchemsha maji kunataka mkaa au kuni, na mkaa ni fedha. Gharama ni ya leo na ni ya hakika. Hatari ni ya kesho na haijulikani. Akiacha kuchemsha mara mia bila kuona dhara, ni akili yake, si ujinga wake, inayomfundisha kwamba dhara halipo. Anayekwenda kumhubiria bila kufikiri habari ya mkaa amepoteza safari yake. Afadhali azungumze naye juu ya dawa ya klorini, itiwayo majini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, na juu ya chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, ili mikono isiingie ndani.

Ugonjwa ukifika, woga nao hufika, lakini mara nyingi huelekea pasipo pake. Watu huikwepa njia ipitayo mbele ya nyumba ya mgonjwa, humsema mgeni aliyehamia juzi, huku chakula cha matangani kikiliwa kwa mikono iliyosuuzwa katika beseni moja na watu arobaini. Naye mwenye mgonjwa, akiona jinsi majirani wanavyonong'ona, humficha ndani. Hili ni la hatari kubwa, kwa kuwa kipindupindu huweza kuua kwa saa chache, na hali mgonjwa akirudishiwa maji mwilini mapema karibu wote hupona. Anayeharisha kama maji ya mchele apelekwe kituo cha afya mara moja, na njiani apewe maji ya dawa ya pakiti. Kama haipo, lita moja ya maji safi itiwe vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa.

Mwaka 2020, wakati wa korona, makanisa mengi yaliweka ndoo zenye bomba na sabuni mlangoni. Hofu ilipopungua ndoo nyingi ziliingizwa stoo, na baadhi yake, tusiseme ni wapi, sasa zinahifadhi chokaa ya kupaka ukuta. Lakini mikono ile ile iliyooshwa kwa ajili ya korona ilikuwa ikikingwa na kuhara pia.

Tukumbuke habari za Namani, jemadari wa Shamu. Alikasirika alipoambiwa aende kuoga tu mtoni, kwa kuwa alitazamia jambo kubwa zaidi. Waliomgeuza moyo hawakuwa nabii wala mfalme bali watumishi wake, watu waliokula naye safarini. Vivyo hivyo twaamini kwamba mabango barabarani na vipaza sauti juu ya gari vina kazi yake, lakini jirani humsikiliza anayemfahamu, na hasa anayerudi.

Kwa mazungumzo ya vikundi

Someni kwanza 2 Wafalme, sura ya 5. Kisha zungumzeni haya. Katika eneo letu watu husifu maji ya wapi, na kwa sababu gani? Kuna choo au shimo gani karibu na kisima hicho, na nani atakwenda kupima hatua? Katika nyumba zetu nani huchota maji, na ni wazee gani hawana mtu wa kuwachotea? Mkaa wa kuchemsha ndoo moja ni bei gani kwa sasa, na kikundi chaweza kununua klorini kwa pamoja? Akina mama wanaopika matangani wapange nani atashika birika la kunawisha, ili maji yamwagike juu ya mikono badala ya mikono kuingia katika beseni. Na mzee wa kanisa mwenye ufunguo wa stoo aulizwe habari za zile ndoo.