Kabla ya kununua dawa, geuza jani: majibu kwa wenye bustani za nyumbani

Nyanya inakaribia kuiva, mara kitako chake kinakuwa cheusi. Mwenye bustani anaikata na kuona imeoza. Anakwenda duka la agroveti, anaeleza alivyoona, anauziwa dawa na kuipiga jioni hiyo hiyo. Baada ya siku mbili, nyanya zilizobaki zikiwa nzima zinaingia kwenye sufuria ya watoto. Hali aliyokuwa akiitibu haikuwa ugonjwa wala haikuletwa na mdudu. Bustani ilikuwa imekosa maji kwa utaratibu. Sasa familia inakula sumu ambayo haikuhitajika.

Visa vya namna hii ni vya kawaida katika bustani za nyumbani za Kilifi, kuanzia mchanga wa Malindi hadi vilima vya Kaloleni. Maswali yafuatayo hurudi kila mwaka, hasa katika joto la kaskazi kati ya Januari na Machi, na tena masika yanapoanza. Mengi hujibiwa na maji, udongo na mbolea kabla ya kufika kwenye chupa ya dawa.

Kwa nini nyanya zinaoza kitako?

Tunda la nyanya linahitaji madini ya kalsiamu ili ngozi na nyama yake zishikane. Madini hayo husafiri na maji kutoka mizizini. Bustani ikikauka siku nne kisha ikamwagiwa mitungi mitatu kwa mpigo, safari hiyo hukatika, na sehemu ya tunda iliyo mbali zaidi na kikonyo ndiyo inayokosa. Huanza kama doa la majimaji, kisha hugeuka jeusi na kubonyea kama ngozi kavu. Hakuna dawa ya kupiga inayorekebisha hali hiyo.

Dawa yake ni maji kidogo kidogo, asubuhi, siku zote, pamoja na matandazo ya nyasi kavu au makumbi ya nazi kuzunguka shina ili unyevu usipotee. Urea ikizidi huongeza tatizo, kwa sababu mmea hukimbilia kutoa majani na kunyima matunda. Maganda ya mayai yaliyosagwa hayana ubaya, ila huchukua muda mrefu kuoza na hayataokoa nyanya za msimu huu. Zilizokwisha kuharibika zichumwe. Sehemu nzima inaweza kukatwa na kupikwa. Maji yakitulia, matunda yatakayofuata kwa kawaida hutoka safi.

Hata hivyo, si kila nyanya iliyoharibika imekosa maji. Yenye matundu madogo kama ya sindano, huku majani yakiwa na mabaka yaliyokauka na njia za kiwavi ndani yake, imeingiliwa na Tuta absoluta, nondo aliyetoka Amerika ya Kusini na kuingia Kenya mwaka 2014. Huyu ni mdudu msumbufu kwelikweli, na amezoea dawa nyingi. Katika bustani ndogo, majani na matunda yaliyotobolewa yachumwe mapema, yafungwe ndani ya gunia na kuanikwa juani, au yafukiwe chini sana. Kuyatupa kando ya bustani ni kumlea.

Mnyanya umenyauka ghafla, na udongo una unyevu. Umepatwa na nini?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake la haraka huharibu bustani nzima. Mtu akiona mmea umelegea humwaga maji zaidi. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, maji hayo husambaza ugonjwa hadi mmea wa jirani.

Kuna jaribio ambalo linafanyika jikoni. Shina likatwe karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, kisha kishikiliwe ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Baada ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukianza kushuka kutoka kwenye shina, hiyo ni bakteria. Ugonjwa huu hauna tiba, na anayeuza dawa ya kuuponya anauza maji ya bei ghali. Mmea ung'olewe pamoja na udongo ulioshika mizizi, usitiwe kwenye shimo la mboji, na jembe lioshwe kabla ya kugusa tuta lingine. Bakteria hao hubaki ardhini kwa miaka, hivyo mahali hapo pasipandwe tena jamii ya nyanya. Jamii hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani: biringanya, pilipili, viazi, hata mnavu wa mboga. Mahindi, sukuma wiki, kunde na vitunguu vinaweza kuchukua zamu.

Glasi ikibaki safi, mizizi itazamwe. Ikiwa na vinundu, huenda ni minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hupenda sana udongo wa kichanga kama wa ukanda wetu wa bahari na huiharibu bamia na nyanya kwa pamoja. Mwenye kunde asije akaogopa bure, maana mizizi ya kunde huwa na vinundu vyake vyema vinavyorutubisha udongo. Hivyo hubanduka kwa ukucha, na ndani huwa na rangi ya waridi. Vya minyoo havibanduki, kwa kuwa ni mzizi wenyewe uliovimba. Samadi nyingi iliyoiva husaidia, na kubadilisha mazao husaidia zaidi. Kaskazi ina faida yake hapa: tuta lililomwagiwa maji na kufunikwa karatasi ya nailoni angavu kwa wiki nne hadi sita hupata joto la kuua sehemu kubwa ya minyoo hao.

Sukuma wiki imejikunja na chini ya majani kuna wadudu wa kijivu. Ipigwe nini?

Hao ni vidukari. Hufyonza maji ya jani na kuacha utomvu mtamu, na ndiyo maana sisimizi hupanda na kushuka mmea kama wamealikwa. Dawa ya kwanza ni vidole: majani yaliyojaa sana yachumwe na kufukiwa, mengine yarushiwe maji kwa nguvu upande wa chini. Ya pili ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, ipigwe jioni chini ya majani. Ijaribiwe kwanza kwenye jani moja na kuangaliwa kesho yake. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike, kwani huunguza majani.

Ya tatu imesimama uani kwa watu wengi wa Pwani, nayo ni mwarobaini. Kokwa kavu za mbegu zake, gramu 50 kwa kila lita ya maji, hupondwa, hulowekwa usiku kucha na kuchujwa kwa kitambaa. Majani yake nayo hufaa, ingawa mbegu zina nguvu zaidi. Jua huivunja haraka, hivyo ipigwe jioni na irudiwe baada ya siku chache. Haiui papo hapo. Wadudu hupoteza hamu ya kula na kushindwa kukua, na asiyejua hilo husema haikufanya kazi.

Kabla ya yote hayo, atafutwe mdudu mviringo mwenye mgongo mwekundu wenye madoa meusi. Huyo hula vidukari, yeye na watoto wake. Akiwepo kwa wingi, bustani iachwe kwa siku chache. Dawa kali ya dukani humuua yeye kwanza.

Dawa ilipigwa jana. Mboga zinaweza kuliwa lini?

Jibu liko kwenye lebo, na linatofautiana kutoka dawa moja hadi nyingine. Kila dawa ya mimea ina siku za kungoja kati ya kupigwa na kuvuna. Nyingine ni siku chache, nyingine ni wiki mbili au zaidi. Siku hizo hazihusu soko la nje pekee. Zinahusu pia chungu cha nyumbani, tena zaidi, kwa sababu mwenye bustani hula mboga ile ile kila jioni, na mwili wa mtoto ni mdogo.

Hapa ndipo sukuma wiki inapowaponza wengi. Mahindi huvunwa mara moja, lakini sukuma wiki huchumwa kila baada ya siku chache. Dawa inayotaka kungojewa siku 14 haina nafasi katika tuta linalochumwa kila wiki, labda familia iwe tayari kununua mboga kwingine kwa wiki mbili. Kuosha kwa maji mengi ni desturi nzuri na huondoa baadhi ya dawa iliyo juu ya jani. Lakini ziko dawa zinazonywewa na mmea na kuingia ndani ya jani lenyewe, na hizo haziondoki kwa kuoshwa.

Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB, ndiyo inayosajili bidhaa hizi nchini kwa mujibu wa sheria, Sura ya 346. Kwenye chupa halali huwa na nambari ya usajili yenye herufi PCPB, na ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo kali zaidi, ikifuatwa na manjano, buluu, kisha kijani. Yenye ukanda mwekundu haina kazi katika bustani iliyo hatua kumi kutoka jikoni. Dawa ya kupe ya ng'ombe vilevile haikutengenezwa kwa mboga, hata kama jirani aliitumia na wadudu wakafa.

Jambo baya kuliko yote ni dawa ya kupimiwa kidogo ndani ya chupa ya soda. Hapo lebo imepotea, na pamoja nayo zimepotea siku za kungoja, kipimo na jina la sumu. Mtoto mwenye kiu haoni tofauti. Dawa ibaki kwenye chupa yake, juu, chini ya kufuli. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yamwagwe ndani ya bomba la kupigia na kutumika shambani, kisha itobolewe. Isiteke maji ya kunywa kamwe.

Mtu akitokwa jasho na mate mengi, akitapika au kuona ukungu baada ya kupiga au kumeza dawa, nguo zenye dawa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, na apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenye lebo. Asilazimishwe kutapika. Daktari hutafuta jina la dawa kwanza, na dakika za kulitafuta ndizo zinazohesabika.

Kwa nini majani yanaungua kingoni?

Maji ya kisima yaonjwe. Karibu na bahari, visima vingi vina chumvi, na chumvi huanza kuunguza ncha na kingo za majani ya zamani. Udongo hufanya ukoko mweupe juu. Hapa ushauri unapishana na ule wa nyanya: maji ya chumvi yakinyunyizwa kidogo kidogo, chumvi hubaki kwenye mizizi. Ni bora yamwagwe mengi kwa wakati mmoja, shinani na si juu ya majani, ili chumvi ishuke chini. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati yawekewe miche na nyanya. Spinachi huvumilia chumvi vizuri, mnazi pia. Maharagwe, karoti na vitunguu havivumilii.

Maji yakiwa matamu na majani bado yanaungua, tuhuma iende kwenye samadi mbichi ya kuku au mbolea ya dukani iliyozidi. Samadi ikikaa hadi ipoe na kuacha kunuka, haiunguzi.

Bustani ya gunia inastawi juu, pembeni hakuna kitu.

Maji hayafiki chini. Gunia lilipaswa kujazwa likiwa na nguzo ya kokoto katikati, inayojengwa kwa kopo lisilo na kitako linalovutwa juu kadiri udongo unavyopanda. Lililojazwa bila nguzo hiyo ni rahisi kulimwaga na kulijaza upya kuliko kulibembeleza.

Mpapai unachanua kila mwezi na hauzai.

Ukiwa na vishada virefu vya maua madogo yanayoning'inia, huo ni dume. Mpapai jike hubeba maua makubwa yaliyogandama shinani. Wapo wanaopigilia msumari kwenye shina la dume, na kweli mpapai uliojeruhiwa wakati mwingine hubadilika, ila si jambo la kutegemea. Kwa kuwa mbegu hazijulikani jinsia, hupandwa miche mitatu kwa shimo, na madume hung'olewa maua yanapotokea. Dume mmoja hutosha kwa majike kumi hivi.

Namna ya kumpelekea afisa wa ugani mmea mgonjwa

Katiba ya 2010 iliweka huduma za kilimo chini ya kaunti, na ndiyo maana maafisa wa ugani wa wadi ni wafanyakazi wa kaunti. Jani moja lililokauka mfukoni halimsaidii afisa. Mmea mzima ung'olewe asubuhi pamoja na mizizi na udongo wake, uliougua lakini haujafa, na ufungwe kwa gazeti. Ndani ya mfuko wa nailoni huoza njiani. Mkulima aeleze pia humwagia maji mara ngapi, ametia mbolea gani, na mwaka jana mahali hapo palikuwa na nini. Kama dawa imekwisha kupigwa, aende na chupa yake.